Dhima ya Akili Iliyopotea

Katika maswali ambayo ulevi humwekea mtu wa dini, lililo jepesi ni lile la kuwa pombe ni halali au haramu, kwa sababu kila msikiti na kila kanisa lina jibu lake lililokwisha kuamuliwa zamani; lililo zito ni lile linalofuata baadaye, pombe ikiwa imekwisha kutimiza kazi yake, na yule aliyeinywa hana tena ile akili ambayo kwayo aliamriwa asinywe. Mtu huyo anadaiwa nini, na anayemdai ni nani? Na ikiwa kile ambacho angelipia deni lake ndicho hicho hicho kilichopotea, je, deni limefutika, au liko mahali fulani likimngoja mtu mwingine alichukue? Waadhi wetu wengi huishia kwenye swali la kwanza, ambalo lina makofi na itikio. La pili huachiwa jamaa wa mgonjwa, walijibu kwa namna watakavyoweza.

Huku Kimali, katika wilaya ya Meatu, kusini mwa Bariadi katika mkoa wa Simiyu, swali hili halihitaji kutafutwa vitabuni. Nchi hii ni ya Wasukuma, nchi ya mbuga za udongo mweusi, ya pamba na dengu, mtama na ng'ombe, ambamo mvua ni haba na fedha taslimu humjia mkulima kwa wingi mara moja tu kwa mwaka, pamba inapopimwa na kulipwa. Pombe si mgeni hapa. Pombe ya mtama, ambayo Wasukuma huiita walwa, ilikuwa na mahali pake palipojulikana: ilinywewa watu walipokwisha kulimiana mashamba, walipooa na kuoza, na walipowatambikia wazee waliotangulia, na aliyeinywa aliinywa mbele ya macho ya jamaa waliojua kipimo chake na wasioona haya kumwambia inatosha. Tena ilikuwa nzito, ina nafaka na chachu yake ndani, hata mnywaji hakukosa kabisa riziki katika kata aliyoinua. Gongo si hivyo. Gongo ni mvuke wa pombe uliogeuzwa maji. Yote yaliyokuwa chakula katika nafaka hubaki chunguni, na kinachopita bombani ni ulevi mtupu. Bunge liliitungia sheria yake mwaka 1966, na pombe kali za viwandani zilizofungwa katika vifuko vya plastiki, zile zilizojulikana kwa jina la viroba, zikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Lakini chungu cha vichakani hakina leseni ya kunyang'anywa, na mwenye fedha za pamba mfukoni hakosi wa kumwonyesha njia.

Kabla hatujahukumu, yatupasa tujue pombe hufanya nini hasa ndani ya kichwa cha mtu, kwa maana hukumu isiyotanguliwa na maarifa ni hasira tu iliyovikwa joho. Ubongo wa binadamu, ambao uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu yote ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika, na nguvu hiyo huipata hasa kwa kuiunguza sukari iliyomo damuni. Lakini sukari haiungui yenyewe. Kuni zaweza kujaa jikoni na chakula kisiive kwa kukosa kibiriti. Na kibiriti cha ubongo ni vitamini B1, iitwayo thiamini, ambayo mtu mzima huhitaji miligramu 1.2 hivi kwa siku, na ambayo mwili hauwezi kuiweka akiba zaidi ya kiasi cha miligramu 30, akiba inayokwisha katika muda wa wiki mbili au tatu. Thiamini hukaa katika kiini na ganda la nafaka, katika kunde, choroko, dengu na karanga. Kwa hiyo dona inayo, sembe iliyokobolewa hata ikawa nyeupe imepungukiwa nayo sana, na muhogo una kidogo tu. Hapo pana jambo la kutafakari, kwamba nchi inayovuna dengu na choroko kwa magunia yaweza kuziuza zote ili ipate fedha, na sehemu ya fedha hizo ikanunua kinywaji kisicho na hata chembe ya kile kilichouzwa.

Pombe humwibia mnywaji kwa njia tatu zinazosaidiana. Kwanza humshibisha pasipo kumlisha, kwa kuwa ina nguvu ya kuunguzwa mwilini lakini haina virutubishi, na aliyekunywa tangu asubuhi haoni haja ya ugali wa jioni. Pili huudhoofisha utumbo, usiweze kuifyonza hata ile thiamini kidogo iliyobahatika kuufikia. Tatu huliharibu ini, ambalo ni mojawapo ya maghala ya mwili, likashindwa kuiweka akiba na kuigeuza iwe katika hali inayofaa kutumika. Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani, Carl Wernicke, aliandika habari za wagonjwa watatu, wanaume wawili walevi, na mwanamke mmoja ambaye alikuwa amekunywa asidi ya salfuriki na baada ya hapo tumbo lake likawa halipitishi chakula. Wote watatu misuli ya macho yao ilipooza, miguu yao ikayumba, fahamu zao zikavurugika, kisha wakafa. Tangu mwaka 1887 Sergei Korsakoff wa Moscow akaeleza hali nyingine, ya watu wenye maneno fasaha na adabu njema ambao hawakuweza kulishika jambo lolote jipya kwa muda wa kupika chai. Baadaye ikabainika kuwa maradhi hayo mawili ni hatua mbili za safari moja. Ile ya kwanza hutibika ikiwahiwa; ile ya pili aghalabu hubaki maisha. Na mahali palipoharibika pa kumbukumbu hapana ukubwa wa kutisha: ni sehemu za ndani za thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, na vifundo viwili vilivyo chini yake, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita chache tu. Hivyo vikifa, mtu hubaki na ujana wake wote na asiwe na jana.

Hatua ya kwanza ndiyo inayopasa kuisumbua dhamiri yetu, kwa sababu dalili zake, yaani kuyumba, macho kuchezacheza na maneno yasiyoshikana, ndizo zile zile ambazo kila mpita njia huziita ulevi. Aliyelewa leo hulevuka kesho. Aliyekaukiwa na thiamini halevuki, bali huzidi kuzama, na siku za kumwokoa ni chache. Dawa yake ni sindano za thiamini yenyewe, dawa isiyo ya gharama kubwa, ipitishwayo mshipani au katika msuli kwa kuwa utumbo wa mlevi hautegemeki. Na sharti iitangulie dripu ya sukari, au walau iende nayo pamoja, maana sukari ikimiminwa katika mwili uliopungukiwa hivyo huimaliza ile thiamini kidogo iliyosalia na kuyaharakisha maangamizi. Hata matabibu hupitwa na jambo hili: uchunguzi wa maiti uliofanywa Australia ulionyesha kuwa wengi waliokuwa na majeraha haya ubongoni hawakuwahi kutambuliwa walipokuwa hai. Seuze sisi tulioketi kivulini karibu na kilabu, tukimtazama mtu akianguka kwa mara ya tatu, tukasema amezoea. Mtu huyo alikunywa mwenyewe, hilo halina ubishi. Lakini kati ya kikombe chake cha mwisho na kuzimika kwa akili yake palikuwa na siku kadhaa, na katika siku hizo yeye hakuwa na uwezo wa kufanya lolote, nasi tulikuwa nao.

Wapo watakaosema kuwa msiba huo ni adhabu, na kwamba Mungu humnyang'anya mja ile zawadi aliyoidharau. Kauli hiyo ina ladha ya haki, na ndiyo maana imeenea. Lakini haivumilii ushahidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari waliotekwa na Wajapani huko Singapore walilishwa wali mweupe uliokobolewa, na matabibu wawili waliokuwa mateka pamoja nao, Hugh de Wardener na Bernard Lennox, waliwaona wenzao wakipatwa na maradhi yale yale ya Wernicke. Habari zao, za wagonjwa 52, zilichapishwa mwaka 1947. Mwaka 2003, huko Israeli, watoto wachanga waliugua, na wengine wakafa, kwa kuwa maziwa ya unga waliyonyweshwa yalitengenezwa bila thiamini. Mama mjamzito anayetapika wiki nyingi mfululizo aweza kuyapata, na aliyekumbwa na njaa kadhalika. Ikiwa mateka, kichanga na mama mjamzito hupatwa na jeraha lile lile mahali pale pale ubongoni, basi jeraha hilo si saini ya ghadhabu ya Mwenyezi Mungu juu ya mlevi. Ni matokeo ya upungufu, nao upungufu hauulizi mtu aliufikia kwa njia gani. Dhambi, kama ipo, yapasa itafutwe katika hiari ya mtu, wala isisomwe katika maradhi yake.

Na hiari ilikuwapo, angalau mwanzoni. Sitaki kuonekana kana kwamba nawaandikia walevi hati ya kuachiwa huru, kwa kuwa wenye hekima wa mila nyingi wamelitazama jambo hili na hawakuwa wepesi wa kusamehe. Aristotle aliisifu hoja ya sheria zilizomwadhibu mlevi maradufu, sheria ambazo Pittacus wa Mytilene ni mmoja wa waliozitunga, kwa sababu chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mikononi mwake. Na akasema pia kuwa mtu aliyejitia maradhi kwa maisha ya anasa hawezi kupona kwa kutaka tu, ingawa kulikuwa na wakati alipoweza kutougua. Maulamaa wa Kiislamu wanaofuata njia ya al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, huihesabu akili kuwa moja ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali, na katazo la ulevi wakaliona kuwa ndio ukuta wa akili. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, aliyelewa kwa kujitakia huhesabiwa kuwa bado ana dhima, hata talaka yake hupita kwa kauli iliyo mashuhuri, ijapokuwa wanazuoni wengine, akiwamo Ibn Taymiyya, walilikataa hilo. Na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 14, haikubali ulevi uwe udhuru kwa wepesi, ila pale mtu aliponyweshwa pasipo ridhaa yake kwa hila ya mwingine, au pale ulevi ulipomfikisha kwenye wazimu hata asijue analolitenda.

Kauli hizo zote, zikisomwa vizuri, zinakubaliana juu ya jambo moja ambalo wenye hasira hawalioni: zinamdai mtu kwa wakati ule alipokuwa na akili ya kuchagua, na zinakoma kumdai pale akili inapotoka kwelikweli. Mafunzo ya Kiislamu yanasema kuwa kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyerukwa na akili mpaka imrudie. Sheria ya nchi nayo haimpeleki mwendawazimu jela kama mhalifu mwenye akili timamu. Imeweka Isanga huko Dodoma, karibu na Mirembe, kwa ajili ya wale waliotenda jinai wakiwa hawana akili. Kwa hiyo mzee ambaye maradhi ya Korsakoff yamekwisha kumkamata ana vitabu viwili vya hesabu. Cha kwanza ni cha miaka ile alipoitwaa nafaka ya watoto na kuigeuza gongo, nacho kimefungwa, kiko kwa Mola wake. Cha pili ni cha leo, na kwa upande wake yeye hakina cha kuandikwa.

Tuseme basi yupo mzee kama huyo Kimali. Ukimwuliza habari za mashindano ya ngoma ya ujanani mwake, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, atakueleza nani alishinda na kwa dawa gani, na sauti yake haitatetema. Ukimwuliza asubuhi hii amekula nini, atakuambia ametoka mnadani kuuza fahali, na atakutajia bei, ilhali wiki nzima hakuvuka ua. Mjukuu wake, aliyemwamkia saa moja iliyopita, akiingia tena atapokewa kama mgeni: wewe ni ng'wana nani? Kijana atajibu kwa heshima, guku, yaani babu, ni mimi, na atalitaja jina lake kama kwamba halijatajwa kamwe. Watu wa nje husema mzee huyu amekuwa mwongo baada ya kuwa mlevi. Je, ni mwongo? Mtakatifu Agostino, mwana wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo, alishika kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine ulimini akiwa na nia ya kudanganya. Anayesema lisilo kweli huku akiliamini hakusema uongo, hata akikosea. Mzee wetu hana jambo la pili moyoni. Ubongo wake umekuta shimo mahali pa jana ukalijaza kwa vipande vya kale vilivyo karibu, naye ni wa kwanza kuviamini. Kumwita mwongo ni kumsingizia nia ambayo hana tena uwezo wa kuipanga.

Lakini kuna mshitaki mwingine, mpole wa maneno na mkali zaidi wa hoja, naye ni John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 katika kitabu chake juu ya fahamu za binadamu, alifundisha kuwa kinachomfanya mtu awe yule yule jana na leo si mwili wala hata roho, bali ni ile fahamu yake inayoweza kuyarudia matendo ya nyuma na kuyakiri kuwa yake. Akautumia mfano wa mlevi: mahakama humwadhibu akiwa amelevuka kwa kosa asilolikumbuka kwa sababu hakimu hawezi kumtofautisha aliyesahau kweli na anayejisahaulisha, ila katika Siku ile kuu, ambayo siri za mioyo zitafunuliwa, yamkini hakuna atakayetakiwa kujibu kwa ajili ya jambo asilolijua kabisa. Fundisho hili linamwondolea mzee wetu mzigo, na hapo laonekana kuwa la rehema. Lakini litazame upande wa pili. Ikiwa mtu ni kumbukumbu zake, basi aliyepoteza uwezo wa kuzifanya amekoma kuwa mtu anayeendelea. Kila saa anazaliwa mpya na kufa, na yule aliyeko kitandani si mume wa mkewe wala baba wa wanawe, bali mgeni aliyerithi sura ya mtu huyo. Rehema ya Locke inamsamehe mtu kwa kumfuta.

Mimi siikubali, na sababu yangu naipata huku huku kwetu. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kuwa marehemu, kwa fikira za wengi wa watu wetu, hajaondoka katika jamaa maadamu wako hai wanaomjua na kumtaja kwa jina. Kuwapo kwake kunashikwa na kumbukumbu za wengine. Wasukuma wanaomimina pombe ya mtama kwa jina la babu hawangojei babu ajikumbuke. Wao ndio wanaomkumbuka, na kwa kufanya hivyo yeye ni babu. Sasa, ikiwa wafu hushikwa hivyo, aliye hai akipungukiwa na kumbukumbu atashindwaje kushikwa? Hakuna mtu aliyepata kuishika nafsi yake peke yake tangu mwanzo: jina alipewa kabla hajajua kusikia, habari za utoto wake anazo kwa kusimuliwa, na ukoo wake wote ni kumbukumbu aliyoikuta imewekwa na wengine. Mzee wa Kimali akisahau kuwa ni baba wa watu saba, watu saba hawajasahau. Yeye ni yule yule kwa sababu wapo wanaojua kuwa ni yule yule, na ujuzi wao ni sehemu ya nafsi yake iliyokuwa nje yake siku zote, ambayo gongo haikuweza kuifikia.

Wala tusidhani kuwa ndani yake hakukubaki kitu. Mwaka 1911 tabibu wa Geneva, Édouard Claparède, alichapisha habari za mwanamke mwenye maradhi haya ambaye hakuweza kumkumbuka tabibu wake hata dakika chache baada ya kuachana. Siku moja tabibu alificha pini kati ya vidole vyake akamchoma alipompa mkono. Baadaye, aliponyoosha tena mkono, mwanamke akaurudisha wake nyuma, asijue sababu, asijue hata kama aliwahi kumwona mtu huyo. Tendo lile halikuwa la adabu, lakini fundisho lake ni zito: uchungu uliingia na ukakaa, ijapokuwa habari ya uchungu ilipotea. Oliver Sacks naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985, alisimulia habari za baharia wa zamani wa Marekani aliyevunjwa kumbukumbu na pombe, ambaye masista waliomtunza walimtaka tabibu aende akamtazame kanisani. Na huko akamwona ametulia kitu kimoja na ibada, hana mapengo. Yafuatayo ni dhahiri. Anayemkemea mzee kwa kuwa atasahau amejidanganya, maana mzee atalisahau kemeo na kubaki na hofu. Na anayemtendea wema hakupoteza kazi yake, maana wema hukaa mahali ambapo jina la mtendaji halikukaa. Anayemwongoza katika sala alizozijua utotoni, awe Mkristo au Mwislamu, hamchezi shere wala haigizi ibada. Anamrudisha mahali ambapo yu mzima bado.

Turudi sasa kwenye deni. Fikihi ya Kiislamu, katika mlango wa amana, inasema kuwa aliyekabidhiwa mali hadaiwi ikipotea, ila akiwa amekiuka mpaka au amefanya uzembe. Mlevi alikabidhiwa akili, akakiuka mpaka. Kwa hilo anadaiwa, na anayemdai ni Yule aliyemkabidhi, wala si jirani yake. Lakini fikihi hiyo hiyo, na sheria za nchi pia, hazimwachi aliyepoteza akili ajiendee: humwekea walii wa kusimamia mali yake, mwili wake na heshima yake, na mzigo huo ukiangushwa na wote, wote wamekosa. Hapa ndipo ninapolipata jibu la swali langu. Akili inapomtoka mtu, dhima haibaki hewani bila mwenyewe. Huhamia kwa wale ambao akili zao zimebaki. Hadaiwi tena yeye ale chakula kinachofaa. Tunadaiwa sisi tumpikie. Hadaiwi kukumbuka kama mke wake amefariki. Tunadaiwa sisi tuamue kwa busara kama ni haki kumfiwisha upya kila jioni, na mimi naona si haki, kwa kuwa ukweli ni amana ya mwenye uwezo wa kuutunza.

Watauliza: je, huku si kumpa mlevi ruhusa, kwamba anywe apendavyo, kisha ukoo umbebe? Nimelipima pingamizi hilo, na naliona lina uzito kwa aliye bado na hiari. Huyo aonywe, azuiwe, anyimwe hata mkopo wa fedha za pamba, na dini zimkemee kwa ukali wake wote. Lakini hakuna kijana aliyeanza kunywa kwa kuwa alitazamia kutunzwa vizuri akiisha kuwa punguani. Na mlevi wa miaka mingi, ambaye mikono yake hutetemeka asipokunywa, hiari yake imekwisha kupunguka kabla akili yake haijatoka, hata hatua ya kumlaumu na hatua ya kumwuguza zimeingiliana na haziwezi kutengwa kwa mstari. Dhima kwa hiyo huhama kidogo kidogo, wala haingoji siku ya mwisho ndipo ihame. Kila anapopungukiwa na uwezo, sisi tunaongezewa wajibu kwa kiasi kile kile.

Na wajibu huo, kwa nchi kama yetu, si wa mafumbo. Ni mke au dada kumwekea sahani ya dona na choroko hata kama alitukana jana, na kubakiza ndani sehemu ya dengu na karanga zinazopelekwa sokoni. Ni ndugu kumpeleka zahanati siku ile macho yake yanapoanza kuchezacheza na miguu kumtawanyika, na kumwambia tabibu waziwazi kwamba mtu huyu ni mnywaji na hajala kwa siku nyingi, pasipo kuficha kwa haya; kwa maana haya hiyo inaweza kumgharimu mgonjwa sindano ambayo ingalimwokoa. Ni mzee wa kanisa, katika makanisa yetu yanayomtenga mnywaji na meza ya Bwana, kukumbuka kuwa kumtenga mtu na meza hiyo hakukupata kuwa amri ya kumtenga na meza ya chakula. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kuwa Nuhu alilewa akalala uchi, na mwana mmoja akatoka kuitangaza habari hiyo, wengine wawili wakamfunika baba yao wasimtazame. Kitabu hakikumpa Nuhu sifa kwa ulevi wake. Lakini hukumu iliyofuata haikumwangukia aliyelewa, iliwapambanua wanawe, ambao siku ile ndio waliokuwa na akili zao timamu. Sisi nasi, tulio na jana yetu bado, tumo katika hesabu hiyo, wala hatuwezi kusema kuwa tulisahau.